Chini ya Kitambaa cha Mkate

Nilizinduka sakafuni, mkono wangu ukinuka nyama iliyoungua. Lalla Izza, jirani yetu, alikuwa amenikalia miguu nisiupige tena mlango wa tanuri.

"Umerudi?"

"Nilikuwa wapi?"

"Kwa mashetani wenzako," akasema. Hakucheka.

Miaka imepita, kovu ninalo. Wakati huo, kila asubuhi wanawake wa kijiji waliniletea unga uliokandwa, nami nikauoka. Kifafa nilikuwa nacho tangu utotoni, lakini gari la zahanati lilipoanza kupanda mlimani siku ya soko na kugawa dawa bure, sikuanguka tena. Ndipo wakaniachia moto. Sasa nimeanguka tena, wangeninyang'anya, na kazi nyingine siijui.

Sikukaa kitako. Nilizunguka ua kama punda wa kinu, nikimtukana daktari: dawa imeharibika, vya bure ndivyo vilivyo.

"Muache mtu wa watu, Bassou," mke wangu Tuda akasema, akinifunga jeraha. "Dawa nzima. Mimi ndiye ninayeikata."

Mikono yangu ilikuwa na unga daima. Yeye ndiye aliyekuwa akinitia kidonge mdomoni.

"Unaikata?"

"Nusu yako, nusu ya Itto, binti wa Izza. Naye anaanguka. Nampelekea chini ya kitambaa cha mkate."

Kwetu kitu cha bure hakiliwi na nyumba moja. Tuda alifanya kwa vidonge kile ambacho mama yake alifanya kwa nyama.

"Si ampeleke kwenye gari? Ni bure!"

"Wewe umeshaoa. Yule anangoja posa, na gari linasimama katikati ya soko."

Nikatoka bila viatu. Izza alikuwa akikanda unga.

"Lalla, nusu kidonge haitamsaidia mtu. Itatuangusha wote wawili."

"Mwanamume akianguka, wanasema kazi imemchosha. Msichana akianguka, wanasema ana jini. Nani atamuoa?"

"Na akiangukia moto wako, watasema nini?"

Nikafungua kitambaa cha jeraha mkononi. Aliangalia mara moja, akarudi kukanda, kwa nguvu mno.

Siku ya soko nilifunga tanuri, nikapanga foleni mikono ya kanzu nimeikunja ili kila mtu aone jeraha. Miguu haikutulia. Shingo iliniuma kwa kugeukia njia.

"Bassou, unatafuta mke wa pili?" muuza mbuzi akanitania. Watu wakacheka.

Foleni ilikuwa imebaki fupi Izza alipotokea, ubao wa unga kichwani, kama aendaye kuoka. Itto alimfuata, ameinamisha uso.

"Wewe mwoka mikate!" Izza akapaza sauti, soko zima likasikia. "Mbona tanuri limefungwa?"

"Tunangojea dawa, Lalla."

Aliwatazama watu, mmoja mmoja. Kisha akautua ubao mavumbini, akamshika binti yake begani na kumsimamisha mbele yangu.

Jua lilikuwa kali, na pale chini unga ukaendelea kuumuka, ukainua kitambaa polepole.