Karatasi ya Watu Wawili

"Kompyuta inasema umefariki," alisema karani bila kuinua macho. Kisha akayainua, maana hata yeye aliyasikia maneno yake mwenyewe. "Placide. Jina ni hili, namba ni hii. Ulifariki mwaka jana, mwezi wa saba."

Murielle, aliyesimama kando yake, alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. "Fundi, kumbe niko natembea na maiti. Na maiti yenyewe imeninunulia chai asubuhi."

Placide hakucheka. Alishika ukingo wa kaunta kama mtu anayesubiri kizunguzungu kipite, akatazama nyuma kwenye ile foleni ndefu ya watu waliolala nje ya ofisi tangu jana, kila mmoja na bahasha yake kifuani. Karatasi yake ya ukimbizi, ile ya miaka minne, ilikuwa inaisha Ijumaa. Alikuja Pretoria kuifanya upya. Alipanga kusema uongo mdogo mmoja au miwili, kama watu wote, lakini hili hakulipanga.

Wote wawili walikuwa watu wa Ng'ambo. Ng'ambo ni mabanda ya mabati nyuma ya Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, ukishavuka kijito cha maji machafu. Kwenye ramani ya manispaa, pale ni nyasi tupu. Hakuna jina la mtaa, hakuna namba ya nyumba, hakuna bili ya umeme ya kumwonyesha mtu. Ukitaka kuthibitisha kwamba unaishi Ng'ambo, hubebi mbuzi wala bahasha ya hongo, unambeba jirani: mtu mwenye karatasi halali, aje aape mbele ya karani kwamba ndiyo, huyu namjua, mlango wake unatazamana na wangu. Watu wa Ng'ambo wenyewe ndio walikuwa daftari la Ng'ambo.

Murielle, msusi wa nywele, mama yake Héritière, alikubali kuja bila kuombwa mara mbili. Mwaka jana, mumewe Alexis alipopotea, fundi huyu wa Uvira, Kongo, alifunika cherehani yake akamsindikiza hospitali baada ya hospitali. Kule kote aliuliza yeye, Murielle, na Placide alisimama nyuma yake amekunja mikono. "Alexis? Hatuna Alexis." Siku moja Placide alimkatia mkate wake nusu, wakala wamekaa sakafuni kwenye korido. Mwanamke hasahau mkate wa namna hiyo.

Lakini yule Placide aliyekunja mikono alijua jina la kuuliza. Lilikuwa jina lake.

Mambo yalianza kwa wema, na huo ndio ubaya wake. Ombi la Alexis la ukimbizi lilikataliwa, na bila karatasi hakuna kampuni ya ulinzi inayokuchukua. Placide yeye hakuihitaji karatasi kila siku, cherehani haimwombi mtu kitambulisho. Akampa nakala. Ng'ambo jambo hilo halikuwa dhambi, karatasi moja ililisha watu wawili na hata watatu, na nakala ikinakiliwa mara nyingi sura ya pichani hubaki doa la wino tu, sura ya yeyote. Alexis akawa Placide kwenye geti la majumba ya kifahari kule Randburg. Walikubaliana kitu kimoja: Murielle asijue. Saluni ina midomo mingi kuliko vichwa, alisema Alexis, na Placide akaona ni akili. Mke akaambiwa kwamba karatasi ya mumewe imekubaliwa, akapika kuku.

Ni Placide aliyempunguzia Alexis sare. Suruali ya kampuni ilikuwa ya mtu mnene, na uzi mweusi ulimwishia upindoni, akamalizia kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye sare za watoto wa shule. Murielle alimcheka mumewe juma zima. "Walinzi wengine wana bunduki, wa kwangu ana majani ya mchicha miguuni."

Halafu asubuhi moja simu ya Placide ililia. Kampuni ilikuwa na namba yake, kwa sababu ilikuwa na karatasi yake. Sauti ikauliza kama huyo ni ndugu wa Placide, mlinzi, aliyegongwa na gari kwenye robot, zile taa za barabarani, akienda zamu. Yuko chumba cha maiti, mtu aje amtambue.

"Simjui," alisema Placide.

"Sharp," ilisema sauti, yaani sawa, ikakata.

Aliitoa laini kwenye simu akaitupa kijitoni. Akikiri, wangemuuliza kwa nini maiti ina karatasi yake, wangemnyang'anya, wangempandisha gari la kumrudisha alikotoka mbio. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Siku ya kwanza kumwambia Murielle kungekuwa rahisi. Siku ya pili kukawa kugumu. Baada ya hapo ulimi ulikataa kabisa, akabaki kumsindikiza. Murielle alikwenda hata Randburg, akauliza geti kwa geti, na kila mlinzi akamwambia hapa hajawahi kufanya kazi Alexis yeyote. Akarudi amevimba uso. Watu wakasema basi hakuwa na kazi, alikuwa na mwanamke. Na Placide, Mungu amsamehe kama ataweza, alitikisa kichwa akasema: "Wanaume, Mama Héritière, hawatabiriki." Maiti isiyodaiwa serikali haiiweki sana. Mwezi ukapita.

"Makosa kama haya yanarekebishika," karani alikuwa anasema sasa, si mtu mbaya. "Nenda chumba cha maiti walikokuandikisha. Wana faili. Wakuone, shahidi wako atie sahihi, wakupe barua. Bila barua siwezi kumwongezea marehemu muda."

Nje, Placide alisimama mbele ya Murielle kama mtu anayeziba mlango. "Wewe rudi. Umeshanisaidia vya kutosha. Wateja watakwenda kwa msusi mwingine."

"Waende. Wewe ulizunguka na mimi mpaka viatu vyako vikafunguka, mimi nikuache njiani?"

"Ni mahali pabaya, Mama Héritière. Si pa mwanamke."

"Ni mahali gani pabaya sijaingia mwaka jana?" Akampita, akapanda teksi ya Johannesburg, akamwekea nafasi kando yake.

Njia nzima alimtania. Alimuuliza mbinguni mikate ni bei gani, na kama huko nako wanadai bili ya umeme. Placide alitazama dirishani. Kwenye kila robot aliwaza kushuka na kukimbia, na kila robot ilibadilika kuwa kijani kabla miguu haijakubali. Alijipa moyo kwamba faili za maiti zisizodaiwa ni jina na tarehe tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, lakini wazee walisahau kusema kwamba chaweza kuwa kifo cha mtu mwingine.

Ofisa wa chumba cha maiti alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa plasta kwenye pua. Alisikiliza, akaguna, akaenda ndani, akarudi na faili jembamba. Aliongea Kiingereza cha polepole, na Murielle, aliyejifunza Kiingereza juu ya vichwa vya wateja, alikifuata neno kwa neno.

"Mwanamume," alisoma mzee. "Mlinzi. Amegongwa na gari Randburg. Mfukoni nakala ya karatasi, Placide. Ndugu alipigiwa simu, akasema hamjui. Nguo: koti la kampuni. Suruali nyeusi, imepunguzwa kiunoni kwa mkono wa fundi. Upindo umeshonwa kwa uzi wa kijani."

Akafungua ukurasa mwingine. Murielle hakuwa anacheka tena.

"Soma tena hapo," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kwenye suruali."

Mzee akasoma tena, polepole zaidi, akidhani hakuelewa Kiingereza. Murielle alimgeukia Placide akashuka naye macho, kutoka usoni mpaka mikononi, ile mikono yenye sugu ya mkasi, kama anayemwona mtu aliyeingia sasa hivi.

"Ulikuwa unajua," alisema kwa Kiswahili.

"Wangenirudisha. Mama Héritière, wallahi wangenirudisha Uvira, unajua kule kulivyo."

"Siku ile ya mkate. Ulikuwa unajua?"

Placide aliangalia sakafu. "Ndiyo."

"Mtoto nilimwambia baba yake ni mbwa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila akimlilia namwambia nyamaza, unamlilia mbwa. Nguo zake nilizichoma. Na wewe ulikuja ukaota moto."

Ni kweli alikuja. Ilikuwa jioni ya baridi, na alinyoosha mikono juu ya moto ule kama majirani wengine.

Mzee aliwatazama kwa zamu. Hakuijua lugha, lakini aliujua ukimya, maana ndiyo kazi yake. Alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Nadhani naelewa," alisema. "Kama yule hakuwa Placide, basi alikuwa mtu mwingine mwenye jina lake mwenyewe. Hakuna atakayefungwa leo kwa sababu yangu, mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Mama, wewe ndiye shahidi. Nitajie jina la yule tuliyemzika, tia sahihi hapa, na nabadilisha yote mawili kwa mara moja. Huyu anarudi kuwa hai. Yule anaandikwa jina lake kaburini."

Akamsukumia karatasi na kalamu.

Placide alipiga goti pale pale, kwenye saruji. Hakuwahi kumpigia mtu goti tangu siku ya kubarikiwa kwake kanisani. "Kwa ajili yake basi," alinong'ona. "Si kwa ajili yangu. Apate jina lake. Héritière apate pa kwenda."

Murielle aliishika kalamu. Akaiweka ncha yake juu ya mstari. Mtu angeweza kuliona jina limemfika midomoni, maana midomo ilianza kuliumba. Akalimeza.

"Kwangu na kwa Héritière anajulikana," alisema kwa Kiswahili, akimtazama aliyepiga goti. "Huku kwao, abaki na jina ulilompa. Si ulimpa wewe?"

Kisha akasema kwa Kiingereza, akiweka kalamu mezani taratibu: "Yule mliyemzika ni Placide. Jirani yangu. Nimekuja kuuliza kaburi lake."

"Na huyu?"

"Huyu simjui. Tulikutana kwenye foleni."

Mzee alimtazama sana. Kisha akaandika namba ya kaburi kwenye kipande cha karatasi, jina la makaburi chini yake, akampa. Faili akalifunga. Placide alianza kuzungumza, akataja mlango wake, kijito, cherehani, pasta wake, na mzee akamjibu kwa upole kwamba alete shahidi mwingine, mtu yeyote mwenye karatasi aliyemjua yule marehemu vizuri. Placide akawaza Ng'ambo nzima, mlango kwa mlango. Kabla ya jua kuzama Murielle atakuwa saluni, na saluni ina midomo mingi kuliko vichwa.

Placide alipotoka, Murielle alikuwa barabarani ng'ambo ya pili, amemwonyesha mwuza machungwa kile kipande cha karatasi, na mwuza machungwa alikuwa anamfundisha ishara ya kidole ya kusimamishia teksi za kwenda makaburini. Alijaribu mara moja, akakosea. Akarekebishwa, akajaribu tena. Teksi ikasimama, akapanda, hakugeuka.

Placide alikaa ukingoni mwa barabara. Watu waliruka miguu yake wakipita. Aliinamisha kichwa, na ndipo alipouona kwenye suruali yake mwenyewe uzi uleule wa kijani. Alikuwa amemalizia kipande cha uzi kilichobaki kwenye upindo wake, siku ileile, ili kisipotee bure. Akaingiza ukucha kwenye mshono wa kwanza, akaufumua, akaenda wa pili. Alifumua kwa uangalifu, kama kazi ya mteja, mpaka upindo ukamwangukia juu ya kiatu.