Mheshimiwa Alipopuliza Pembe

Kama kuna kitu kinanipandisha hasira ni mtu kuingia kwenye chumba changu cha urithi na kuviita vitu vyangu "makorokoro". Diwani Wilbard aliliropoka neno hilo kabla hata hajamaliza kuvuka mlango, suruali ameikunja hadi magotini, maana mvua ilikuwa imetuletea matope ya mlimani mpaka ndani.

Chumba ni cha halmashauri, hapa Same mjini, karibu na gulio. Mimi ndiye mtunzaji. Nina mivukuto ya wahunzi wa Upare, vyungu, vibuyu vya dawa, na pembe la tandala kutoka Chome, kule mlimani.

"Careen, dada yangu," alisema, "maji yanaingia na bajeti ya mtaro hakuna. Kamati imeniachia uamuzi. Fungasha hivi vitu viende stoo, hapa tuweke viti."

Stoo ile naijua. Kitu kikiingia kule ndiyo kwaheri. Moyo uliniuma kwelikweli, na mimi nikiumia huwa nachokoza watu.

"Sawa, Mheshimiwa. Nianze na hili pembe. Halina kazi tena, wanaume wa siku hizi hawana pumzi ya kulipuliza."

"Hawana nani? Babu yangu ndiye aliyekuwa akipuliza pembe la msaragambo kijijini kwetu!"

Akalichukua, akatoka kibarazani, akajaza mashavu. Mara ya kwanza lililia kama mbuzi mgonjwa. Mara ya pili, jamani! Ulitoka ule mlio wenyewe wa msaragambo, wa kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja ya kijiji, mrefu, ukakatika, ukapanda tena. Nywele zilinisisimka. Nilisahau kabisa kwamba nimemkasirikia.

Tulisahau pia kwamba ilikuwa siku ya gulio, na nusu ya Chome ilikuwa imeshuka kuuza maharage. Mpare wa mlimani akisikia mlio ule haulizi, anabeba jembe. Walikuja mbio, majembe mapya mabegani, vibandiko vya dukani bado havijabanduliwa. Nyuma yao alikimbia Athumani, muuza majembe, mtu wa Singida asiyejua habari za msaragambo, akipiga kelele, "Wezi! Wezi!"

Mbele kabisa alikuwa Mama Veneranda, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nani amepuliza?"

Nilimwonyesha Mheshimiwa kwa kidole, bila huruma.

"Haya, mwanangu. Kazi iko wapi?"

"Mama, tulikuwa... tunajaribu tu."

Kwetu pembe la msaragambo halijaribiwi. Aliyelipuliza ndiye anayeonyesha kazi, na ndiye anayepiga jembe la kwanza. Akikosa kazi, milima yote itamcheka, na diwani wa kuchekwa hachaguliwi tena.

Wilbard aliangaza macho huku na huku, jasho linamtoka. Kisha akayaona maji mlangoni.

"Mtaro," alisema. "Tuyahamishe maji ya chumba hiki."

Mama Veneranda akamkabidhi jembe. Loh! Udongo uliruka, wimbo wa Kipare ukaanza, na Athumani alipoelezwa aliacha kelele, akachomoa jembe lake mwenyewe akaingia mstarini. Mimi nilichimba huku nacheka, nikajikuta nalia huku nachimba. Maji yaligoma kidogo, yakageuka, yakashuka korongoni. Tulishangilia kama tumefunga goli.

Bado kidonda changu kilikuwa palepale. Nikamfuata Mheshimiwa, shati lake limelowa, anatazama malengelenge viganjani.

"Mheshimiwa, vitu nivifungashe leo au kesho?"

Alinitazama kama nimemtukana.

"Uvifungashe viende wapi? Mimi nichimbe mtaro kwa mikono yangu, kwa ajili ya viti?" Akawageukia watu. "Jamani, ingieni ndani mkaone vitu vyenu!"

Na wao, bila kuambiwa na mtu, wakapanga majembe ukutani, wakaanza kunawa miguu.