Benchi la Nne

Alhamisi ni siku ya watoto katika zahanati moja ya Makambako. Kuanzia asubuhi, malori ya Songea na ya Mbeya yakiwa yanapigiana honi njia panda, kina mama wanakuwa wameshaketi barazani na watoto wao ndani ya mablanketi. Upepo wa mji ule hauna adabu. Unaingia shingoni, unaingia kwenye mikono ya sweta, unautikisa mzani uliotundikwa kwenye boriti kabla hajapimwa mtoto hata mmoja. Mabenchi yako manne. Matatu ya mbele ni ya waliokuja kupima watoto uzito na kuwachoma chanjo. La nne, lile la ukutani karibu na ndoo ya kunawia mikono, wanaketi waliokufa.

Hawakuwa wengi. Beatha alipoanza kuja na mwanawe Yoeli, alimkuta Feliciana peke yake.

Feliciana alikuwa mwanamke wa Kifanya aliyeolewa Makambako. Alijifungulia hospitali Njombe, presha ikampanda, ikatulizwa, akaruhusiwa na kuambiwa aende kliniki ya karibu na kwake baada ya wiki sita. Haikupita muda, alianguka nyumbani akipepeta maharage, akatetemeka mwili mzima, akafa kabla gari halijapatikana. Lakini alikuwa mtu wa kutunza miadi. Tarehe ilipofika alivaa sweta lake la kijani akaja. Siku hiyo mashine ya presha haikuwa na betri, akaambiwa arudi Alhamisi nyingine, naye akarudi. Mwanawe aliletwa na bibi yake, ambaye alikaa benchi la kwanza. Wakwe hao walisalimiana, "Kamwene," wakaulizana habari za mvua, kisha bibi akamgeuza mtoto ili mama yake aone alivyonenepa.

Kabla ya Feliciana walishapita wengine kama yeye. Sista Jenifer, nesi wa zahanati, aliwafunga mkanda wa mashine mkononi, akabonyeza, mashine ikahema kidogo na kuonyesha sifuri. "Imeshuka vizuri," aliwaambia, na alifurahi kweli, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alipenda wazazi waliotoka kujifungua wapone. Waliopimwa hawakurudi tena, wala hawakuonekana mahali pengine. Huko mkoani zahanati ilisifiwa kwamba wazazi wake wakifika wiki sita presha zao huwa safi.

Beatha naye alijifungulia Njombe, naye presha ilimpanda. Alipewa vidonge vya kutosha na maelezo mafupi: meza kila siku, na ndani ya siku chache nenda kituo cha karibu upimwe. Alisema sawa. Mumewe Anderson, ambaye hupakia mbao kwenye malori, alimchukua hadi nyumbani Makambako, na mkwewe Hulda akampokea kwa maji ya moto na uji. Hulda alimkanda asubuhi na jioni mpaka mikono ikamuuma. Kama kuna mama mkwe aliyewahi kumpenda mke wa mwanawe bila kinyongo, basi ni huyo.

Hulda naye alikuwa na presha, ya siku nyingi, na dawa zake zilikuwa zimekwisha. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kula kitu peke yake. Hata ndizi moja ilikatwa. Kwa hiyo siku ya kwanza Beatha alipotoa vidonge vyake akamkuta mama mkwe amekaa hapo hapo jikoni, alifanya kile ambacho binti yeyote aliyelelewa angefanya. Alimpa kimoja. Kesho yake waligawana tena. Ili visiishe haraka wakakubaliana leo ameze mama, kesho ameze mwana. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake, na kila mmoja alimshukuru mwenzake. Hulda alikuwa akisema presha ni presha tu, haina ya mzee wala ya mzazi, na tena ile ya Beatha ilikuwa ya mimba, na mimba si imekwisha? Mtoto huyo hapo ananyonya.

Kuhusu kupimwa, Beatha alijitahidi. Alikwenda zahanati Jumatatu, akaambiwa kwamba mashine Jumatatu na Jumanne ni ya wajawazito, na yeye si mjamzito tena. Alikwenda Jumatano, akaambiwa ni siku ya wagonjwa, na yeye si mgonjwa, ni mzazi, hongera sana. Alhamisi mashine ilitoka nje kwa ajili ya waliofikisha wiki sita, na yeye alikuwa na wiki tatu. Hakuna aliyemkaripia. Wote walimsogezea kiti.

Alhamisi hiyo kichwa kilimuuma tangu alfajiri. Hulda alisema ni baridi ya Njombe imemwingia, akamfunga kitambaa kizito na kumwambia asitembee upepo ukiwa usoni. Akiwa barazani, Beatha aliona vimulimuli vikipita mbele ya macho yake mchana kweupe. Mabenchi ya mbele yalikuwa yamejaa, kwa hiyo akakaa la nne, pembeni ya Feliciana. Benchi lilikuwa la baridi kidogo.

"Kichwa kinakuuma hapa mbele?" Feliciana aliuliza.

"Hapo hapo, dada."

"Na vimulimuli?"

"Vipo."

"Mimi nilimeza Panadol," alisema Feliciana. "Nikaendelea na maharage yangu."

Beatha alimtazama Yoeli, akamfunika vizuri. Aliogopa. Hakumwogopa Feliciana, ambaye alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye mikono mikavu ya mkulima. Alichoogopa ni kuketi benchi lile Alhamisi nyingine bila mtoto mikononi.

Sista Jenifer alitoka na mashine, na betri zilikuwepo. Aliita, "Feliciana!"

Feliciana hakusimama. "Mpime huyu," alisema. "Nimempa zamu yangu."

Sista Jenifer alifikiri. Utaratibu ulimtaka ampime mzazi aliyefikia tarehe. Haukusema lolote kuhusu zamu kupewa mtu, na kupeana zamu barazani lilikuwa jambo la kila siku. Yule mwenye shamba mbali humpisha mwenye mtoto mwenye homa, na hakuna anayegomba. Alimfunga Beatha mkanda, akabonyeza. Mashine ilihema kwa muda mrefu kuliko kawaida. Aliposoma alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Feliciana," alisema, akimtazama Beatha, "presha yako imepanda vibaya. Unakwenda Njombe sasa hivi."

Aliandika barua ya rufaa kwa jina hilo, maana ndilo alilokuwa ameliita. Anderson alipata fuso lililokuwa linarudi tupu Njombe kupakia viazi. Beatha alikaa mbele na Yoeli, Hulda akabanana naye akimshikia kichwa kama mtu anayeshikilia chungu cha moto. Walipofika penye baridi zaidi, miti ya mbao ikiwa pande zote mbili, Hulda alivua shali lake akamwongezea mkwewe.

Mapokezi, kijana wa zamu aliisoma barua, akatafuta kwenye kompyuta. "Huyu Feliciana alishafariki," alisema.

"Ndiyo," alijibu Beatha. "Amenipa zamu."

"Sawa. Panda wodini, mkono wa kushoto."

Walimtundikia dripu, wakamchoma sindano, wakamlaza kitanda cha dirishani. Siku ya tatu vimulimuli vilikoma. Daktari, mwanamke wa makamo aliyekuwa amechoka, aliuliza alikuwa anamezaje dawa, na Beatha akaeleza, kwa fahari kidogo, jinsi walivyokuwa wakigawana bila ugomvi. Daktari aliweka kalamu chini. Aliwaeleza wote wawili polepole kwamba presha ya mzazi inaweza kuua hata mtoto akiwa ameshazaliwa, na kwamba nusu ya dawa si dawa. Kila mmoja awe na zake.

Hulda alitoka nje ya wodi, akasimama kwenye kibaridi, akalia kwa sauti. "Nilikuwa nakula uhai wa mwanangu," alimwambia mlinzi, ambaye alimpa pole na kumwonyesha choo kilipo. Waliporudi Makambako alichinja kuku wake aliyekuwa anataga, akampa Beatha firigisi na paja, akakataa kabisa kugawana.

Beatha alipona, na maziwa yakarudi.

Feliciana yeye hakupata sifuri yake. Kwa kuwa jina lake sasa lilikuwa na presha iliyopanda vibaya, alitakiwa afike kila Alhamisi kuangaliwa. Alifika. Na kila Alhamisi alitazama mabenchi ya mbele, akamtafuta mzazi aliyeshika paji la uso au aliyevimba miguu, akampa zamu yake. Mashine ilionyesha juu, barua iliandikwa kwa jina la Feliciana, mzazi akapelekwa Njombe, akarudi mzima. Mapokezi walishalizoea jina. Sista Jenifer alisema barazani kwamba presha ya Feliciana ni sugu, lakini utaratibu unakwenda vizuri. Na kwa kuwa ulikuwa unakwenda vizuri, hakuna aliyeona sababu ya kubadili siku za mashine.

Beatha alipofikisha wiki sita alikuja na zamu yake mwenyewe. Siku hiyo Feliciana alikuwa ameshatoa yake kwa mwanamke mmoja aliyepumua kwa shida. Benchi la tatu alikaa Jasmine, msichana wa Wanging'ombe aliyefahamiana na Beatha ingawa alikaa ng'ambo ya mji, mzazi wa juzi tu. Alikuwa amemlaza mwanawe mapajani, na kiganja chake kilikuwa kwenye paji la uso. Hakulalamika.

Beatha alimwona. Alimwona vizuri sana. Feliciana naye alimtazama Beatha tu, kwa sababu zamu haiombwi.

Beatha alihesabu mambo yake. Vidonge vyake vilikuwa vinaisha, na bila kupimwa hapewi vingine. Yoeli alikuwa bado mdogo. Tena kulala Njombe alishalala, anakujua kulivyo. Sista Jenifer alipoita, "Beatha!" alisimama mwenyewe, akanyoosha mkono. Presha ilikuwa nzuri. Wakampa vidonge.

Alipotoka alimshika Jasmine bega. "Alhamisi ijayo Feliciana atakupa yake," alimwambia. "Nitakupitia asubuhi, mapema, wewe uwe wa kwanza."

"Asante, dada," alisema Jasmine. "Utakuwa umenisaidia."

Alhamisi iliyofuata Beatha hakuwa na miadi, lakini alitimiza ahadi. Alipita kwa kina Jasmine kabla jua halijatoka vizuri. Mama yake Jasmine, aliyekuwa amekuja toka Wanging'ombe, alikuwa uani akichanganya maziwa ya kopo, mtoto mgongoni. Turubai bado lilikuwa limefungwa, na wanaume walikuwa wanakusanya viti vya kukodi.

"Shikamoo, mama. Nimemfuata Jasmine."

"Marahaba. Tulimzika juzi, mwanangu," alisema yule mama. "Leo amekwenda kliniki. Ametoka sasa hivi, ukiharakisha utamkuta."

Beatha aliharakisha. Alikimbia hata pale ambapo hapakuwa na haja, na upepo ulimpiga usoni, naye hakuuzuia.

Jasmine alikuwa amekaa benchi la nne, kwa sweta jekundu la shule alilokuwa akilivaa nyumbani, Feliciana amemsogezea nafasi upande wa ukutani ambako hakuna upepo. Beatha alikaa katikati yao. Alitaka kusema alikuwa na zamu mkononi wiki iliyopita, na hakuitoa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Kichwa kimeacha, dada," alisema Jasmine, kama mtu anayempa mwenzake habari njema. Kisha akauliza, "Hivi tarehe yangu ikifika, nipimwe tu niende, au na mimi nimpe mtu?"

Feliciana alikuwa anayatazama mabenchi ya mbele, moja baada ya jingine. "Ukimwona aliyeshika kichwa utajua mwenyewe," alisema.

Sista Jenifer alitoka na mashine, akalitazama benchi la nne, na uso wake ukaingiwa na huruma. Aliona watu wamebanana. Hakupenda mtu akae vibaya katika baraza lake. Alimwita Timoth, fundi seremala aliyekuwa anarekebisha mlango wa stoo, naye akaja na penseli sikioni, akawaomba radhi wote watatu, akapitisha futi nyuma ya migongo yao.

"Nilitengeneze la watu wangapi?" aliuliza.

"Wewe weka refu tu," alisema Sista Jenifer. "Mbao zipo."