Mwezi wa Kwenye Flashi

Kwanza niseme kwamba mimi si mwongo. Hapa Wambaa watakwambia Kificho ana kiburi, Kificho hasikii la mtu, na hayo sitayakataa. Lakini jioni ile ya ishirini na tisa Ramadhani nilisema nilichokiona kwa macho yangu mawili.

Kwetu mwezi hauandami bila ugomvi. Huyu kapata habari Unguja, yule kapigiwa simu na shemegi yake Mombasa, wa tatu anafuata Makka. Mwaka juzi niliwaambia watu msikitini kwamba televisheni imetangaza sikukuu, wakaniambia nimeota. Basi mwaka jana nikaichomeka flashi kwenye king'amuzi, nikalirekodi tangazo zima, nikawaonyesha mmoja mmoja mpaka wakakoma. Ndiyo raha ya antena: unaona bure, na ushahidi unabaki nao nyumbani.

Mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi kwa sababu ya mama yangu, Bi Mwanawema. Miaka miwili daktari alimkataza kufunga kwa ajili ya sukari. Tukamtolea fidia ya kulisha maskini, naye kila ikifika futari analia, anaona haya kukaa mkekani na waliofunga. Mwaka huu akaruhusiwa. Alifunga siku ishirini na tisa bila kuvunja hata moja, midomo imemkauka na uso una nuru.

"Nkiikamilisha hii, mwanangu," alikuwa akiniambia, "hata nkifa n'na cha kwenda nacho."

Jioni ile mvua ilikuwa ikinyesha tangu alasiri. Nikakitega king'amuzi kirekodi, lakini kabla ya tangazo picha ikaanza kukatika vipande vipande. Nikatoka na mfuko wa nailoni kichwani, nikaukamata mlingoti wa mvinje uliobeba antena, nikawa nauzungusha, na binti yangu Asya ananipigia kelele dirishani.

"Hapo hapo, Baba! A-a, ushapita! Rudi kidogo!"

Nikarudi kidogo, na umeme ukakatika. Tukafuturu kwa tochi.

Umeme uliporudi nikaibonyeza rimoti. Ikafunguka orodha ya vilivyorekodiwa, nikakibonyeza cha juu kabisa. Mtangazaji yule yule ninayemjua, kwenye meza ile ile, akasema mwezi umeandama na kesho ni sikukuu. Sikungoja amalize. Nilipiga takbira mpaka kuku wakaamka bandani.

Asya akaja na simu yake. "Baba, huku wanasema mwezi haukuonekana. Kesho tunakamilisha thalathini."

"Simu hiyo!" nikamwambia. "Si ndiyo iliyomuua Mzee Silima wiki iliyopita, naye leo kapita hapa na baiskeli yake? Mimi nina picha na sauti. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mama alikuwa kitandani, akasikia. "Kificho, una hakika? Mtoto asema vyengine."

"Nina hakika, Mama."

"Haya. Miye nafuata lako."

Daku hatukuamka. Asubuhi, jua lishatoka, nikampelekea mama tende na chai ya mdalasini kama ilivyo ada kabla ya sala ya Idi. Akapiga bismillahi, akala tende tatu, akanitakia sikukuu njema. Nikavaa kanzu mpya, nikajifukiza udi, nikatoka.

Njiani hakuna takbira. Nikasema moyoni spika ya msikiti imeharibika. Nikafika, mlango umefungwa. Nikasema nimechelewa, watu washasali washatawanyika. Lakini wangetawanyika kwenda wapi hata nisimkute mmoja? Nikaitazama saa, nikaitikisa. Watoto wawili walipita na ndoo za maji, nguo zao za jana. Nilijiona mgeni katika mji niliozaliwa.

Ndipo akaja jirani yangu Mzee Jecha na jembe begani, midomo imemkauka.

"Wendapi, Bwana Kificho, na udi wote huo?"

"Kwenye sala ya sikukuu."

"Sikukuu ya nani?"

Nilirudi nyumbani mbio, kanzu nimeishika mkononi, nikaliwasha tena lile tangazo, na safari hii nikalisikiliza mpaka mwisho. Mtangazaji akamalizia kwa kuutaja mwaka wa Hijria, nao ulikuwa wa mwaka jana. La mwaka huu halikuwamo kabisa, umeme ulikatika kabla halijahifadhika. Na cha juu kwenye orodha si kipya, ni cha zamani. Mimi ninayewafungia watu antena kijiji kizima sikulijua hilo!

Nikaenda kwa mama. "Mama, nimekosa. Leo ni thalathini. Tangazo lile lilikuwa la mwaka jana."

Akanitazama asielewe. "Lakini nshakula."

"Najua, Mama."

"Nshakula, Kificho." Akazitazama kokwa za tende kwenye kisahani, akazihesabu kwa kidole. "Tatu."

Asya akampa maji akasukutua. Nikamwendea Shehe, akasema bibi hana dhambi, ajizuie mpaka magharibi na siku hiyo ataikidhi, ailipe baada ya sikukuu. Nikamletea mama habari hiyo nikidhani itampoza.

"Ntaikidhi nkiwa hai," akasema. Kisha akaniuliza, na wala hakunikaripia, "Miye nimekula kwa kukusadiki weye. Weye ulimsadiki nani?"

Nikataja mvua, nikataja umeme, nikataja orodha. Yeye alikuwa anangoja jina la mtu. Natamani angenitukana.

Siku ile televisheni sikuiwasha tena. Magharibi adhana ikalia, spika nzima kabisa, kila mtu aliisikia. Nikampelekea mama kikombe cha maji.

"Mama, fungua. Magharibi imeingia."

Akakipokea, akakishika kwa mikono miwili, asinywe. Akageuka upande wa mlangoni.

"Asya, mjukuu wangu," akasema, "ati kweli imeingia?"

"Imeingia, Bibi."

Ndipo akanywa.