Kofia Ilitoka, Mimi Nikabaki

Mchapaji alipangusa kofia ngumu kwa kitambaa chenye spiriti, akaibana kwenye mkono wa mashine, akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikapita juu yake taratibu, ikisoma mabonde na matuta. Watu walivuka mji mzima kumfuata kwa sababu mashine yake haikuchagua umbo. Mashine za wengine zilitaka kitu kilicholala kama karatasi. Hii ilichapa picha juu ya chupa, juu ya soli ya kiatu, juu ya birika lenye mdomo na mkono. Na siku moja, kwa ubishi tu wa wateja wawili, ilichapa juu ya yai bichi na yai likabaki zima. Kitu kilizungushwa, matundu ya wino yakakifuata kila kilipopinda, na taa ya zambarau ikakausha rangi papo hapo.

Asubuhi hiyo kazi ilikuwa ya kampuni iliyochimba handaki la maji chini ya kilima. Maboksi ya kofia za njano yalijaa mpaka mlangoni, na kila kofia ilitakiwa ipate nembo kwenye paji lake: mlima, na jua linachomoza nyuma yake. Afisa ugavi wa kampuni alikuwa ameyaleta mwenyewe, akasema kofia ni mpya kabisa.

Mchapaji hakuwa mtu wa kutulia. Mashine ikiwa kazini, yeye huzunguka meza, hupanga kalamu ambazo zimeshapangwa, huenda mlangoni kama aliyeitwa, kisha hurudi. Mkewe, aliyekuwa anafungasha kofia zilizokwisha, alimwambia akae chini, kwani anayechoka ni yule anayemtazama.

"Nikikaa nawashwa," Mchapaji alisema, akaenda mlangoni tena.

Aliporudi, nembo haikuwa imetoka. Kwenye paji la kofia palikuwa na sura ya mwanamume wa makamo mwenye masharubu mazito na jicho moja dogo kuliko jingine.

"Umefungua faili gani?" mkewe aliuliza.

"Ile ile."

Akachukua kitambaa aifute kabla wino haujashika sana. Sura ikapiga chafya.

"Pole," alisema Mchapaji.

"Ahsante. Hiyo spiriti kali." Sura ikapepesa macho kuuzoea mwanga, kisha ikauliza kama zamu ya mchana imeshaingia.

Mchapaji akajibu kwamba hajui, hapa si handakini, hapa ni dukani. Akaiweka kofia kwenye rafu, ikiangalia dirisha ili isichoshwe na ukuta, akabana nyingine.

Hadi kufika adhuhuri, rafu ilikuwa na sura kadhaa. Zilizungumza zenyewe kwa zenyewe mambo ya kazi: pampu inayokohoa, nguzo za mbao zilizowekwa mahali palipotaka chuma. Moja ililala na kukoroma. Mchapaji alichukua kisu, akakwangua ukingo wa kofia ambayo ilikuwa bado haijachapwa. Chini ya njano palikuwa na buluu, na buluu yenyewe ilikuwa na mikwaruzo. Ndani, kwenye ukanda wa kichwa, chumvi ya jasho la mtu ilikuwa imekauka na kuwa mstari mweupe.

"Mpya, eti," alisema mkewe.

Mchapaji aliibana kofia ile aliyoikwangua, akawasha mashine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasimama mahali pamoja.

Mashine ilianzia chini kupanda juu. Kilitangulia kidevu, na kwenye kidevu kovu lililopinda kama ndoano. Mkewe aliiweka chini gundi ya maboksi. Kovu lile alikuwepo lilipopatikana, wakiwa wadogo, siku walipopakizana kwenye baiskeli isiyo na breki.

"Kaka huyo," alisema kabla mdomo haujakamilika.

Huyu kaka alikuwa mchimbaji wa handaki hilo. Mwaka juzi afisa ugavi alikwenda nyumbani kwa mama yao, akakataa kiti, akasema akiwa mlangoni kwamba kijana wao ameingia mitini na drili ya kampuni. Basi. Tangu siku hiyo majirani waliiita nyumba ile kwa Mtoro. Mama aliitoa picha ya mwanawe ukutani, akaitia chini ya godoro, na kwa kuwa mtoro haliliwi, hakulia. Alikasirika. Alikasirika kila asubuhi kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kukasirika, na jioni alijilaza akiwa hoi.

Macho yalikuwa ya mwisho kuchapwa. Yakamwona Mchapaji.

"Shem," ilisema sura. "Kumbe wewe ndiye unayetuchapa?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Dada hajambo?"

"Niko hapa," alisema mkewe, akaja mbele. "Uko wapi, kaka?"

"Chini. Upande wa kushoto, ukishapita pampu. Paa lilishuka. Kofia ilitoka, mimi nikabaki."

"Walikutafuta?"

"Walisogeza kifusi mpaka walipoziona kofia. Wakazikusanya, wakatoka."

Mkewe alitaka kunyamaza, lakini kulikuwa na swali moja ambalo mama yake asingemsamehe kulisahau. "Na drili?"

"Ninayo. Imenilalia mguu."

Walifunga duka mapema. Waliitia kofia kwenye mfuko wa sokoni, uso juu, na njia nzima shemeji akawa anataja maduka yaliyobadilishwa rangi. Mchapaji alitembea upesi mno. Ilibidi mara kwa mara asimame kumngoja mkewe, na aliposimama, mguu wake ulipigapiga ardhi.

Mama mkwe alikuwa uani akikamua nguo. Alitazama ndani ya mfuko, akaufunga, akamalizia nguo iliyokuwa mkononi, akaianika. Kisha akaitoa kofia, akakaa nayo kizingitini.

"Kumbe hukutoroka."

"Sikutoroka, mama."

"Na mimi nimekutukana mwaka na zaidi."

"Mengine niliyasikia. Matusi yanashuka chini vizuri kuliko mvua."

"Yale ya juzi, kuhusu baba yako, hayo nilizidisha."

"Hayo ndiyo yaliyonichekesha."

Mama mkwe akamfuta vumbi puani kwa dole gumba. Aliinua godoro, akaitoa picha, akaitundika ukutani, halafu akaishusha, kwa sababu sura ya kwenye kofia ilikuwa imezeeka kidogo na picha ilionekana kama ya mtu mwingine. Jioni hiyo hakukasirika, na kwa kukosa kazi hiyo alizunguka vyumbani akihamisha vyombo. Asubuhi akawa wa kwanza kufika dukani, kofia mapajani, ameketi mkao wa mtu aliyekuja kudai.

Afisa ugavi alikuja na gari na wapakiaji. Alikuwa mtu mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi, na kila alichokishika alikirudisha alipokikuta. Akapitisha macho kwenye rafu. Sura zikamwamkia. Akaitikia.

"Fundi, nembo iko wapi?"

"Kwenye hizi haikukubali," alisema Mchapaji. "Zilikuwa na wenyewe tayari."

"Naona." Akamgeukia mama mkwe. "Na hiyo, mama?"

"Huyu mwanangu."

"Namkumbuka. Alikuwa mchapakazi. Akatoroka."

"Afisa, sikutoroka," ilisema kofia. "Niko kushoto, ukishapita pampu. Niko na drili yenu."

Afisa aliinama kidogo ili aongee na sura ana kwa ana, kama inavyompasa mtu mstaarabu. "Siku ile ulimuaga msimamizi wakati wa kutoka zamuni?"

"Sikutoka zamuni."

"Kwa hiyo hukuaga."

"Sikuaga."

"Basi, kijana wangu. Kwetu asiyeaga ni mtoro."

"Mchimbeni," alisema mama mkwe. "Amewaambia alipo. Hata mtoto mdogo angefika. Mchimbeni nimzike, mseme mbele ya watu kwamba hakutoroka, nami nitanyamaza."

"Tukichimba pale, mama, kazi yote inasimama, na maji yanasubiriwa na mji mzima. Pia tukisema huyu hakutoroka, itabidi tuseme na hawa." Akaonyesha rafu kwa kiganja kilichofunguka, bila ubaya wowote. "Naomba kofia. Ni mali ya kampuni."

Mama mkwe aliikumbatia kofia. Mchapaji, ambaye alikuwa amefika mlangoni na kurudi sijui mara ngapi, alijikuta amesimama katikati yao, ngumi amezikunja. Hakuwa amewahi kumpiga mtu. Alitafakari aanzie wapi.

"Hii haitoki," alisema.

Afisa hakubishana. Aliwaambia tu kwamba lango la handaki lina wachimbaji wanaongoja kofia tangu alfajiri, na msimamizi ameapa kwamba zamu itaingia hata kama kofia hazitoshi.

Ndipo sura ikasema, "Mpe, mama."

"Nyamaza wewe."

"Mama, kuna mtu ataingia kichwa wazi. Nawajua, wataingia. Na mimi najua paa linavyoanza: linanong'ona kwanza. Nipeleke."

Mama mkwe aliishikilia mpaka wapakiaji wakaanza kutazama viatu vyao. Kisha akaibusu kofia pembeni, pasipokuwa na wino, akaitoa.

Ikawa kama mwanawe alivyosema. Zilipovaliwa, kofia zenye sura zilisikia mnong'ono wa mawe kabla ya masikio ya walio hai, zikapaza sauti, na watu wakatoka mbio. Paa likashuka mahali pasipo na mtu. Wachimbaji wakaanza kuzigombania. Kampuni nayo ilifurahi. Iliagiza kila kundi lipate sura yake, ikazima ving'ora vilivyokuwa vinaharibika mara kwa mara, na kwa kuwa sura hazikuchoka, zikapangiwa zamu zote, ya mchana na ya jioni, kofia ikitoka kichwa kimoja ikiingia kingine. Kuhusu nguzo za mbao hakuna aliyesema kitu tena, kwani sasa hazikuwa na haraka.

Maboksi yakaendelea kuja dukani. Siku moja Mchapaji alichomoa waya wa mashine ukutani, akauviringa, akasema inatosha, hachapi tena. Anawatoa watu kaburini na kuwarudisha kazini, na hiyo si kazi aliyojifunza.

Mkewe hakumkaripia. Alichukua kofia moja ya njano, tupu, akaigeuza mikononi.

"Usipochapa, wamo humu humu," alisema. "Ila hawana mdomo."

Mchapaji alizunguka meza. Akaenda mlangoni, akasimama, akarudi. Akaukunjua waya, akauchomeka tena ukutani.

Tangu hapo alichapa kwa uangalifu kuliko zamani. Aliongeza weupe wa macho, na aliyezaliwa na pengo alimwachia pengo lake. Wake na mama walipata habari, wakaanza kuja dukani kungoja. Mwingine alimpata mumewe, akaketi naye pembeni wakabishana kuhusu shule ya watoto mpaka gari likaja kumchukua. Mwingine alingoja boksi zima likaisha, akaaga, akaja tena kesho yake.

Mama mkwe yeye hakuja dukani. Alikwenda langoni mwa handaki kila alasiri, zamu zilipobadilishana. Siku moja Mchapaji alimsindikiza, kwa sababu mkewe alimwambia akapunge upepo badala ya kumzungukia. Wachimbaji waliokuwa wakitoka walivua kofia, wanaoingia wakazivaa zikiwa bado na joto. Wanawake walisimama kandokando ya njia, nao hawakuangalia nyuso za watu. Waliangalia juu kidogo, kwenye mapaji ya kofia.

Aliyemvaa shemeji alikuwa baba wa watu, mnene, mwenye shingo fupi. Alipomwona mama mkwe alipiga magoti kidogo, akainamisha kichwa, akatazama ardhi, kama mtu anayewapisha wenzake wazungumze.

"Umekula?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, mimi sili."

"Najua. Nauliza tu." Akatema mate kidogo kwenye ncha ya kitambaa, akamfuta tope kwenye kovu. "Umepauka. Shemeji yako huyu hapa, akutie rangi."

"Ijumaa, nikipita dukani," alisema Mchapaji. Mguu wake ulikuwa unapigapiga.

"Shem, tulia," ilisema sura. "Utachimba shimo hapo."

Yule baba mnene akacheka chini ya kofia, kisha akaona haya, akaacha.

Gari la kampuni likatokea nyuma yao likitaka kupita. Afisa ugavi alikuwa ameketi mbele. Akashusha kioo, akawasalimia wote, akaiuliza sura ya shemeji kama kushoto kumetulia leo. Ikajibu kwamba kunanong'ona, wapite kulia. Akashukuru, akaashiria kwa mkono gari lipewe njia.

"Mama Mtoro," alisema kwa upole, "naomba usogee kidogo, tusikukanyage."

Mama mkwe akasogea. Gari likapita. Yule baba mnene akainuka, akajipangusa magoti, akasema samahani, akaungana na wenzake, na mama mkwe akaisikia sauti ya mwanawe kutoka juu ya kichwa cha mtu mwingine, ikiwaambia wainame, wainame zaidi, hapo mlangoni ni pafupi.