Tarehe ya Salvator

Barua ilikuja kwa Kifaransa kizuri, na ilimpa Chanelle kila alichokuwa akikiomba kwa miaka miwili: nafasi ya kusomea uuguzi huko Liège, Ubelgiji, chumba cha kulala, na kazi ya saa chache kwa wiki katika nyumba ya wazee ili ajilipie chakula. Viza ilishatoka. Tiketi ilikuwa ya Jumanne. Ilibaki karatasi moja tu ya kumwezesha kutoka nchini, na hiyo ndiyo iliyomtoa jasho.

Chanelle alikuwa na miaka ishirini, na kwa sheria ya Burundi mtu ni mtoto mpaka atimize ishirini na moja. Kwa hiyo alitakiwa apeleke ruhusa yenye saini ya baba. Kama baba hayupo, basi cheti cha kifo cha baba. Wakubwa walioandika masharti hayo walidhani baba ni wa namna mbili tu, aliye hai na aliyekufa. Hawakuijua Bujumbura.

Baba yake, Salvator, alikuwa karani wa forodha bandarini. Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na sita aliondoka nyumbani Gihosha kwenda Bubanza kumchukua mama yake, maana huko vita vilikuwa vimepamba moto. Hakurudi. Gari halikurudi, bibi hakuonekana, wala hakuna aliyesema ameona maiti. Sasa miaka mitano. Mkewe, Spéciose, hakulia hata siku moja. Palipokuwa na harusi au msiba mtaani alipeleka kreti ya bia kwa jina la mumewe, na watu, kwa aibu, waliipokea na kumshukuru Salvator kama vile yuko nje anaegesha gari.

Jumatano alikuja Térence, mdogo wake Salvator, mtu wa kupenda taratibu na kupenda zaidi kuziongoza. Akaketi, akakunja nne, akasema lile lililokuwa likiogopwa.

"Mama Chanelle, tukubali tu. Kaka alishakufa. Ijumaa twende ku ofisi ya vyeti, tutangaze. Kwetu mutoto wa kwanza ndiye anasemaka. Chanelle atasema, mi nitakuwa shahidi."

"Ulimuona wapi amekufa?" Spéciose aliuliza.

"Apana, sikumuona. Lakini..."

"Basi kunywa chai yako, shemeji."

Chanelle aliangalia sakafu. Alitaka kwenda, Mungu anajua alitaka: alichoka kulala na viatu miguuni, alichoka na shule iliyofungwa kila bunduki zilipolia vilimani. Lakini aseme kwa mdomo wake kwamba baba amekufa, ili apande ndege? Na kama hakufa? Kama yuko kambini Tanzania, mgonjwa, hana hata wa kumwandikia barua? Na kama alikufa siku ile ile, ni adabu gani hii ya kumnyima matanga miaka mitano? Alipojiita yatima alijiona mwongo; alipojiita mtoto mwenye baba alijiona mjinga.

Kesho yake alimsomea mama ile barua kwa mara ya tatu, na mama alishika jambo moja tu.

"Hao wazee, watoto wao wako wapi?"

"Wapo, mama. Wako ku kazi."

"Wanajua baba zao wanakaa wapi, na hawaendi?" Spéciose alitikisa kichwa. "Na weye utaacha kungojea wako, uende kuosha wababa wa watu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Chanelle. Angegombezwa angejua pa kushika.

Ijumaa, Spéciose alitoka chumbani amevaa imvutano, lile vazi la kufunga begani ambalo hulitoa kwa harusi tu. Akasema, "Twende."

Karani wa vyeti, mzee mmoja jina lake Anselme, alifungua daftari kubwa.

"Nani anatangaza?"

Térence alimgusa Chanelle kwa kiwiko. Sentensi ile alikuwa ameifanyia mazoezi tangu Jumatano. Alifungua mdomo, hata pumzi haikutoka.

"Ni mimi," Spéciose alisema.

"Kwa desturi, mutoto..." Térence alianza.

"Ni mimi. Salvator, bwana yangu, amekufa."

Anselme aliandika, kisha akainua kalamu. "Tarehe gani?"

Wote watatu walikuwa wamefikiria shahidi, picha, muhuri. Tarehe hakuna aliyeifikiria. Térence alitaja siku ile ya safari ya Bubanza, kisha akasema pengine kesho yake, kisha akasema labda wiki ile.

"Andika ya leo," Spéciose alisema.

"Ya leo? Mama, mutu amepotea miaka tano..."

"Mpaka leo asubuhi alikuwa muzima kwangu. Nani anajua kunishinda? Andika leo."

Anselme alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka ile alikuwa ameandika vifo vingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Akaandika ya leo, akapiga muhuri.

Sasa, mtu akifa leo, matanga huanza leo. Kabla hawajafika nyumbani viti vilishapangwa uani. Wengine walikuja na nyuso za msiba kwa kuwa wamesikia Salvator amefariki. Wengine walikuja wakicheka kwa kuwa wamesikia Chanelle amepata karatasi. Jirani yao Consolée alimkumbatia akimpa hongera kwa sauti, "Félicitations!", akaona macho ya wenzake, akageuza papo hapo, "Pole, mwanangu." Chanelle alijibu asante kwa yote mawili. Bwana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini maiti iko hospitali gani.

Ndipo Térence, aliyeitaka ile karatasi kuliko wote, akasimama katikati ya ua na taratibu zake.

"Baba ya mutu anakufa leo, halafu mutoto apande ndege Jumanne? Mu matanga? Apana! Watu watatucheka. Akae mpaka tuanue matanga."

"Tiketi ni ya Jumanne tu, baba mdogo," Chanelle alisema, na papo hapo akaona aibu, maana moyo wake ulikuwa umefurahi. Kumbe kulikuwa na njia ya kubaki. "Basi nitabaki, mama. Nitabaki."

Spéciose alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Sanduku lilikuwa kitandani, bado tupu. Akaanza kulipanga yeye mwenyewe, masweta kwanza. Machozi yalimtiririka, ya kwanza tangu mwaka ule, na hakuyafuta.

"Utaenda," alisema. "Na usikie vizuri. Papa yako akirudi, nitamuambia ni miye nilimuua. We hukusema kitu."