Lugha Aliyoificha Mama

Kiharusi kilimpata Edith Thwaite mwezi wa Novemba, akiwa anatandika kitanda, na kilipomwachia hakikumrudishia maneno yake yote. Binti yake Winifred, mhariri wa kamusi za shule kule Leeds, akarudi kijijini kwao kwenye mabonde ya Yorkshire kumuuguza.

Kufikia Januari alikuwa amechoka hadi anasahau kama amekula. Anamgeuza mama asipate vidonda, anafua mashuka, na mashuka hayakauki kwa mvua. Katikati ya hayo alikuwa na kazi aliyokuja nayo: kuondoa kwenye kamusi maneno ya kale ambayo hakuna mtoto wa leo anayeyatumia. Anamlisha mama uji wa shayiri, huku anafuta maneno.

Wiki hiyo mama akaanza kung'ang'ania neno moja. "Lig," anasema. Winifred akamletea maji, akayakataa. Akamletea shali, akaitupa. Kwa Kiingereza neno hilo halikuwa mbali na la mguu, basi akadhani mdomo uliopinda ndio unaolipotosha, akaanza kumkanda miguu. Mama akalia kwa hasira. Binti akatoka akasimama mvuani, maana angebaki ndani angemfokea mgonjwa.

Jumamosi akaja Annis, mdogo wake Edith, na mkate wake kwapani. Akamkuta Winifred amepiga magoti anakanda, na mama anamsukuma. Akasikiliza kidogo, akavua koti.

"Unamkanda nini? Haumwi miguu huyo."

"Sasa anataka nini, mama mdogo? Kutwa ni hilo hilo."

"Anakuambia wewe ulale. Lig, ndiyo kujinyoosha ulale. Bibi yako alikuwa akituambia hivyo."

Winifred akakaa sakafuni. Neno lenyewe alilijua, ila kwenye karatasi tu: lililetwa na Waskandinavia waliovuka bahari zaidi ya miaka elfu iliyopita, wakaja kulima mabonde haya. Kinywani mwa mtu hakuwahi kulisikia, seuze mwa mama yake, aliyesema Kiingereza cha redioni.

"Mbona mimi hakuwahi kuniambia hivyo?"

"Alikataza. Ulipozaliwa aliniambia nikisema kishamba mbele ya mtoto, nisikanyage tena hapa. Alikuwa mtumishi kwa daktari, wakamcheka mpaka akajirekebisha. Hakutaka na wewe uchekwe." Annis akamgeukia dada yake. "Na sasa mshamba nani, dada?"

Edith akatabasamu upande mmoja. Kisha akaonyesha kochi kwa kidole, akalisema tena neno lake, taratibu, kama mtu anayesema na mtoto mbishi.

Winifred akajilaza na viatu vyake. Alitaka kulia, usingizi ukamwahi. Alipozinduka, mashuka yalikuwa yamekunjwa na dada wawili wanaongea karibu na moto, maneno ambayo nusu yake hakuyaelewa. Hakuuliza. Akajifunika koti la Annis, akalala tena.

Wiki iliyofuata Annis alihamia pale, wakawa wanapokezana. Kile Kiingereza cha redioni hakikumrudia Edith hadi alipofariki, mwezi wa Mei. Winifred naye hakuwahi kukisema vizuri kile kingine. Ila akiambiwa ale, alielewa, na akiambiwa alale, alikwenda kulala.